Teknolojia ya wingu: Namna anayeanza anavyoweza kupanga masomo yake akiwa Kibiti

Na Mwandishi Wetu, Kibiti

ANAYETAKA kujifunza teknolojia ya wingu hushawishika kuanza kwa kufungua akaunti katika mojawapo ya kampuni kubwa za kigeni zinazotoa huduma hiyo. Kwa mtu asiye na fedha za kuchezea, hilo ni kosa la kwanza, kwa kuwa siku akaunti inapofunguliwa ndiyo siku muda wa majaribio ya bure unapoanza kuhesabiwa.

Kampuni ya Microsoft humpa mteja mpya wa Azure salio la dola 200 za Marekani la kutumia ndani ya siku 30. Google hutoa dola 300 kwa siku 90. Amazon, iliyobadili utaratibu wake Julai 15, 2025, hutoa salio linaloweza kufika dola 200 katika mpango wa bure wa miezi sita.

Mwanafunzi ambaye hajui bado anwani ya mtandao ni nini, wala namna ya kuiamuru kompyuta kwa maandishi, atamaliza siku hizo akitazama vitufe asivyovielewa. Atakapokuwa tayari kujifunza, salio litakuwa limekwisha na kila saa ya mazoezi itadai fedha.

Kwa mkazi wa Kibiti, mji ulio umbali wa kilomita zipatazo 140 kusini mwa Dar es Salaam, na zaidi kwa wa vijiji vya delta ya Mto Rufiji, hasara hiyo si ndogo. Fedha ya bando, ya kompyuta iliyotumika na ya mtihani hutoka katika korosho, samaki au duka la familia, na ikipotea mara moja ni vigumu kuombwa mara ya pili.

Makala haya yanaeleza teknolojia yenyewe, yanachohitajika kabla ya kuanza, na ratiba ya wiki 26 ambayo mtu mwenye saa sita kwa wiki anaweza kuifuata. Jumla ni saa 156, muda unaotosha kujenga msingi lakini usiotosha kumfanya mtu kuwa bingwa.

Wingu ni nini?

Wingu ni kompyuta za watu wengine zinazokodishwa kupitia intaneti. Kompyuta hizo, ziitwazo seva, zimepangwa kwa maelfu katika majengo yenye umeme wa uhakika, mitambo ya kupoozea na ulinzi. Mteja hulipia kiasi anachotumia, kama alipiavyo umeme wa luku.

Biashara hiyo kwa sura yake ya sasa ilipata nguvu mwaka 2006, Amazon ilipotangaza huduma ya kuhifadhi mafaili iitwayo S3 mwezi Machi na ya kukodisha seva iitwayo EC2 mwezi Agosti. Sehemu kubwa ya EC2 ilibuniwa na kikundi kidogo cha wahandisi waliokuwa wakifanya kazi Cape Town, Afrika Kusini.

Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani (NIST) ilitoa Septemba 2011 ufafanuzi ambao bado unatumika. Wingu, kwa mujibu wa taasisi hiyo, lina sifa tano: mteja hujihudumia mwenyewe, huduma hupatikana popote penye mtandao, mitambo hutumiwa na wateja wengi kwa pamoja, uwezo huongezwa au kupunguzwa haraka, na matumizi hupimwa.

NIST pia inataja namna tatu za huduma, ambazo msafiri wa Nyamisati kwenda Mafia hawezi kushindwa kuzielewa. Ya kwanza ni kama kukodi boti tupu na kuiendesha mwenyewe: unapewa seva, nawe unaweka kila kitu juu yake. Ya pili ni kukodi boti yenye nahodha na injini, nawe ukaleta mzigo tu: unapewa jukwaa lililo tayari, ukaweka programu uliyoandika. Ya tatu ni kukata tiketi na kukaa: unatumia programu iliyokamilika, kama ilivyo barua pepe ya Gmail.

Vituo vikubwa vya kampuni hizo vilivyo karibu nasi viko Afrika Kusini. Microsoft ilifungua vyake mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024. Hapa nchini kipo Kituo cha Taifa cha Data (NIDC) kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam.

Kwa nini suala hili liihusu delta?

Eneo hili si geni katika matumizi ya takwimu za kompyuta. Mwaka 1998, katika Wilaya ya Rufiji ya wakati huo ambayo ilijumuisha Kibiti ya leo, ulianzishwa mfumo wa kufuatilia vizazi, vifo na uhamaji wa watu katika kaya za maeneo kama Kibiti, Bungu na Ikwiriri.

Wahoji walipita nyumba hadi nyumba kila baada ya miezi minne, na majibu yakaingizwa katika kompyuta. Mfumo huo ulitokana na mradi wa TEHIP, uliotekelezwa na Wizara ya Afya kwa kushirikiana na shirika la IDRC la Canada, na taarifa zake zilisaidia wilaya kupanga fedha za afya kulingana na magonjwa yaliyokuwa yakiua watu wengi zaidi.

Aprili 2024, mafuriko ya Mto Rufiji yalizikumba wilaya za Rufiji na Kibiti, yakaharibu nyumba na mashamba na kuwaacha wakazi wengi bila makazi. Daftari la karatasi lililo ndani ya nyumba iliyozama haliwezi kusomeka tena, liwe la chama cha msingi, la zahanati au la mkopo wa kikundi cha akina mama.

Nakala iliyo katika seva ya mbali haizami pamoja na nyumba. Lakini lazima pawepo mtu wa karibu anayejua kuiweka nakala hiyo, kuilinda na kuirejesha. Hapo ndipo ujuzi huu unapokuwa na kazi nyumbani, kabla hata ya kutafuta ajira Dar es Salaam.

Mambo ya kuandaa kabla ya wiki ya kwanza

La kwanza ni kifaa. Simu janja ya Android inatosha kwa wiki sita za mwanzo. Programu ya bure iitwayo Termux humwezesha mtumiaji kuandika amri za Linux na hata programu za Python katika simu yenyewe. Kuanzia wiki ya saba kompyuta inahitajika, na iliyotumika yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 inafaa, kwa kuwa kazi nzito itafanyika katika seva ya kukodi.

La pili ni bando. Saa moja ya video yenye ubora wa juu inaweza kumaliza zaidi ya gigabaiti moja, ilhali somo hilo hilo katika maandishi huchukua megabaiti chache. Mwenye fedha kidogo achague masomo ya maandishi, na video azipakue pale panapopatikana mtandao wa bei nafuu.

Kupakua kuna faida nyingine. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na intaneti ikayumba nchini Tanzania na katika nchi jirani. Aliyekuwa na masomo yake katika kifaa hakulazimika kusimama.

La tatu ni umeme. Mto Rufiji sasa unaendesha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere yenye uwezo wa megawati 2,115, ambayo wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024. Hata hivyo, katika visiwa vya delta wapo wanaotegemea sola. Wa huko apange kuchaji mchana na kusoma jioni, na kazi za seva azifanye siku anapofika Kibiti mjini au Bungu.

La nne ni lugha. Masomo mengi na mitihani yote mikubwa ya taaluma hii haiko kwa Kiswahili. Ni vema kuwa na daftari la istilahi, kila neno jipya likiandikwa na maana yake kwa Kiswahili chako mwenyewe. Usiloweza kulieleza kwa lugha yako, bado hujalielewa.

Wiki ya 1 hadi ya 6: Msingi

Wiki hizi hazihusu wingu kabisa. Mwanafunzi ajifunze sehemu za kompyuta, mfumo endeshi, na namna taarifa zinavyosafiri katika mtandao: anwani ya IP ni nini, jina la tovuti hugeuzwaje kuwa anwani, na kwa nini mlango mmoja wa seva hufunguliwa na mwingine hufungwa. Programu ya mafunzo ya Cisco Networking Academy ina masomo ya awali ya bure kuhusu mambo haya.

Sambamba na hayo ajifunze Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, kwa kuwa sehemu kubwa ya seva za wingu huutumia. Aweze kutengeneza folda, kuhamisha faili, kubadili vibali, kusoma kumbukumbu za matukio na kusimamisha programu iliyokwama, bila kugusa kipanya.

Kipimo cha kuvuka hatua hii ni kimoja. Mweleze mtu mwingine, kwa maneno yako, nini hutokea tangu mtu aandike anwani ya tovuti hadi ukurasa unapofunguka. Ukikwama katikati, rudi nyuma wiki moja.

Wiki ya 7 hadi ya 10: Kuandika programu kidogo

Mtaalamu wa wingu si lazima awe mwandishi mkubwa wa programu, lakini lazima aweze kuagiza kompyuta irudie kazi. Python ni lugha nyepesi ya kuanzia. Wiki nne zinatosha kujua namna ya kusoma faili, kujumlisha hesabu, kurudia hatua na kushughulikia makosa.

Katika muda huo ajifunze pia Git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko ya kazi. Kila zoezi liwekwe humo tangu mwanzo, kwa sababu mwajiri wa baadaye atataka kuona kazi iliyofanyika.

Mazoezi yanaweza kufanyika kwa simu, kwa kompyuta ya nyumbani, au katika Cloud Shell ya Google, ambayo humpa mwenye akaunti ya Google uwanja wa Linux wenye hifadhi ya gigabaiti 5 na saa 50 kwa wiki bila malipo.

Wiki ya 11 hadi ya 16: Sasa fungua akaunti

Huu ndio wakati wa kuchagua kampuni moja na kubaki nayo. Amazon, Microsoft na Google hutofautiana kwa majina ya huduma kuliko kwa misingi. Aliyeielewa moja vizuri huhamia nyingine kwa urahisi. Aliyezionja zote tatu kwa pamoja hubaki na majina tu.

Kwa asiye na kadi ya benki, AWS Educate ya Amazon inatoa masomo na baadhi ya mazoezi bila kudai kadi. Microsoft Learn nayo ina masomo ya bure ya maandishi. Mwenye kutaka akaunti kamili asome kwanza masharti ya malipo, kwa kuwa baadhi ya kampuni hazipokei kadi za malipo ya kabla, zikiwamo kadi pepe za huduma za fedha za simu.

Siku ya kwanza ya akaunti isipite bila mambo matatu: nywila ndefu, uthibitisho wa hatua mbili, na tahadhari ya bajeti itakayokutumia barua pepe matumizi yakifika kiasi ulichopanga. Ni muhimu kujua kuwa tahadhari hiyo hukuarifu tu, haizimi mtambo.

Hesabu yake ni rahisi. Seva inayotozwa senti tano za dola kwa saa huonekana ni ya bei ya bure. Ikisahauliwa ikiwaka mwezi mzima wa siku 30 ni saa 720, sawa na dola 36. Kwa makadirio ya Sh. 2,500 kwa dola, hizo ni Sh. 90,000.

Mpango wa bure wa Amazon wa sasa una nafuu katika hilo, kwani mteja hatozwi mpaka yeye mwenyewe ahamie mpango wa kulipia. Hata hivyo mazoea ya kuzima na kufuta kila unapomaliza zoezi yanapaswa kujengwa mapema.

Katika wiki hizi sita jifunze mambo manne kwa mpangilio: kuhifadhi mafaili, kuwasha na kuzima seva, kupanga mtandao wa ndani na milango yake, na kugawa vibali. La mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ndilo lenye makosa ya hatari. Kila mtu na kila programu ipewe kibali cha kazi yake tu.

Wiki ya 17 hadi ya 22: Jenga kitu kimoja

Aliyesoma bila kujenga husahau. Mradi mmoja mdogo unaohusu mazingira yako una thamani kuliko mazoezi kumi ya kunakili.

Mfano unaofaa hapa ni rejesta ya mazao ya bahari yanayofika dikoni. Ukurasa mmoja wa kuingizia tarehe, kijiji, aina ya mzigo, yaani kamba, kaa au samaki, na kilo. Kanzidata ya kutunza taarifa. Na ukurasa wa pili unaoonesha jumla ya kila wiki. Kisha nakala rudufu ya kila siku inayohifadhiwa mahali pengine.

Mradi ukikamilika, futa kila kitu kwa makusudi, kisha ujenge upya kwa kufuata maelezo uliyoyaandika na uirejeshe kanzidata kutoka katika nakala rudufu. Likishindikana, basi nakala hiyo haikuwa na faida, na ni heri kulijua hilo kwenye mazoezi kuliko baada ya mafuriko.

Usitumie majina, namba za simu au madeni ya majirani katika mazoezi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inasimamia ukusanyaji na utunzaji wa taarifa za watu, na inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Seva iliyo Cape Town iko nje ya nchi. Tumia majina ya kubuni mpaka siku utakapopewa kazi rasmi yenye idhini.

Wiki ya 23 hadi ya 26: Cheti na hatua ifuatayo

Mtihani wa awali wa Amazon, uitwao Cloud Practitioner, una maswali 65 kwa dakika 90. Ada yake ni dola 100, takriban Sh. 250,000 kwa makadirio yaliyotumika hapo juu, na alama ya kufaulu ni 700 kati ya 1,000. Cheti hudumu miaka mitatu.

Ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza anaweza kuomba dakika 30 za ziada, ila ombi hilo lazima lifanywe kabla ya kupanga tarehe ya mtihani. Upande wa Microsoft, mtihani wa awali uitwao AZ-900 hutoa cheti kisicho na mwisho wa muda, na ada yake hutofautiana kati ya nchi na nchi.

Mitihani hii inaweza kufanywa nyumbani kwa kompyuta yenye kamera, au katika kituo maalumu. Kwa mkazi wa mahali penye mtandao wa kusuasua, nauli ya kwenda kituoni Dar es Salaam ni akiba, kwani mtandao ukikatika mtihani ukiendelea unaweza kuupoteza pamoja na ada.

Usilipe ada kabla ya kupata alama za kuridhisha katika majaribio ya bure angalau mara tatu. Na ujihadhari na anayekuahidi cheti bila mtihani, au ajira mara baada ya kozi ya wiki mbili. Cheti cha awali huthibitisha kuwa unaijua lugha ya taaluma; hakimlazimishi mwajiri yeyote kukuchukua.

Ukweli ni kwamba mara nyingi mlango wa kuingilia si kazi yenye jina la wingu. Ni dawati la kusaidia watumiaji, utunzaji wa mitandao ya ofisi, au uangalizi wa mifumo katika benki, hospitali na kampuni za simu. Anayependa njia ya darasani anaweza kuangalia masomo ya kompyuta ya VETA, ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miezi sita ya kujifunza mwenyewe itamsaidia kujua kama kazi hii inamfaa kabla familia haijalipa ada ya miaka mitatu.

Ukichelewa njiani

Msimu wa korosho ukifika, au maji yakipanda, ratiba itavunjika. Usijaribu kulipa saa zote zilizopotea kwa wiki moja. Endelea pale ulipoishia, na usogeze mbele tarehe ya kufungua akaunti, kwa kuwa hiyo ndiyo tarehe pekee katika mpango huu ambayo ukiianzisha huwezi kuisimamisha.

Kwa ufupi

Wiki 1–6: kompyuta, mtandao na Linux, simu inatosha, gharama ni bando tu.

Wiki 7–10: Python na Git, kompyuta inahitajika.

Wiki 11–16: akaunti ya kampuni moja, ulinzi na tahadhari ya bajeti siku ya kwanza.

Wiki 17–22: mradi mmoja wenye manufaa ya nyumbani, kwa majina ya kubuni, ukifutwa na kujengwa upya.

Wiki 23–26: majaribio, mtihani, na barua ya kwanza ya maombi ya kazi ikiambatana na mradi wenyewe.

Viwango vya ada na masharti ya salio la bure hubadilika. Yathibitishe katika kurasa za kampuni husika wiki ile ile unayokusudia kuanza hatua ya tatu, si kabla ya hapo.